Nyumba ya Kiponda 🏠

Jumanne

[07:02] Da Zuwena: Assalamu alaykum jamani. Jana usiku plasta ya chumba cha chini imebambuka tena. Safari hii si kipande, ni ukuta mzima toka dirishani mpaka mlangoni. Shangazi alikuwa ukumbini anaswali isha, alhamdulillah.

[07:03] Da Zuwena: 📷 Picha 3

[07:05] Da Zuwena: Hiyo nyeupe kama unga mnayoiona chini ya saruji ni chumvi. Ndiyo inayoisukuma plasta itoke.

[07:29] Da Zuwena: Nawaona mmesoma.

[07:41] Warda: Shikamooni. Bibi mzima, ila anakohoa kidogo, vumbi.

[07:44] Da Zuwena: Marahaba mwanangu. Mhamishie kitanda upande wa uani. Asilale chini ya bafu hata usiku mmoja.

[08:20] Nassor: Waalaykum salaam. Mie toka siku ile ya maulidi nishajua ukarabati huu una mambo. Shemeji na sinia la biriani juu ya marumaru mpya 😂

[08:21] Khelef: Lile sinia 😂😂

[08:22] Rahma Pemba: Nyama moja tuliikuta barazani 😂😂😂

[08:25] Da Zuwena: Nazungumzia ukuta.

[08:26] Nassor: Samahani dada. Ukuta.

[09:10] Da Zuwena: Sikilizeni, naandika mara moja tu. Asubuhi hii nimemleta mwashi, mzee wa chokaa, kaukagua. Ukuta wetu ni mawe ya matumbawe, yameshikwa kwa chokaa na udongo. Chini hauna kitu cha kuzuia maji, kwa hivyo unanyonya unyevu wa ardhini mwaka mzima, na ndivyo ulivyokuwa toka enzi za babu. Zamani ukiingia ulitoka, kwa sababu chokaa inauachia. Tukaja tukapiga saruji ndani na nje, juu yake rangi ya mafuta. Maji yamekosa pa kutokea, yakapanda. Mzee kasema mguu wa ukuta ulikuwa ukilowa kidogo tu, sasa unyevu umefika kwenye dari.

[09:13] Da Zuwena: Na huko darini ndiko kunakonitia hofu. Vichwa vya boriti vimelala ndani ya ukuta uliorowa. Tumefungua kipande cha jipsamu, mzee kachoma boriti kwa bisibisi, ikazama mpaka kwenye mpini. Boriti nne ziko hivyo. Jipsamu ndiyo iliyotufichia miaka yote hii.

[09:40] Khelef: Kweli kabisa. Na bomba la bafu la juu linavuja mule mule ukutani, niliwahi kusema. Halafu lile tangi la darini. Lita 1,000 ni tani nzima, imekaa juu ya boriti usiku na mchana. Hapo hujahesabu saruji iliyolazwa chini ya marumaru. Boriti za mkoko zina nguvu, lakini waliozilaza hawakuzipangia mzigo huo.

[09:42] Khelef: Beit al-Ajaib ilisimama toka 1883, na Disemba 2020 sote tuliona ilivyoporomoka.

[09:43] Rahma Pemba: Mungu atuepushe. Usiseme hayo na shangazi yumo ndani.

[09:55] Da Zuwena: Kwa hivyo kazi ya kwanza, kabla ya rangi wala urembo wowote: kuweka mirunda chini ya dari, kushusha tangi, kutoa bafu la juu, na kuikwangua saruji ya chumba cha chini. Mzee anataka tindo na nyundo ndogo, polepole, kwa sababu saruji imeng'ang'ania mawe na ukiipiga kwa nguvu inatoka nayo. Jumla 4,800,000. Nyumba zetu nane, kila nyumba 600,000. Nataka mpaka Ijumaa.

[10:31] Nassor: Nauliza tu. Tulilipa kuiweka, sasa tunalipa kuitoa?

[10:31] Da Zuwena: Ndiyo.

[10:32] Nassor: Na ikishatoka ndo tunapiga chokaa?

[10:36] Da Zuwena: Hapana. Unaachwa wazi ukauke mpaka kiangazi. Ukipiga chokaa juu ya ukuta uliorowa umefanya kazi ya bure. Na chokaa yenyewe lazima iwe imerowekwa muda mrefu, tutainunua sasa tuihifadhi. Wala asije mtu akamwambia fundi atie saruji "kidogo tu ishike". Mzee kasema akiona mfuko wa saruji mlangoni anaondoka.

[10:38] Nassor: Yaani ukuta ukae uchi mpaka kiangazi 🙈 Tuutafutie kanga

[10:38] Rahma Pemba: Leso za Shangazi zipo sandukuni 😂

[10:39] Khelef: Ya "Mchimba kisima" inamfaa 😂

[10:52] Da Zuwena: Laki sita. Ijumaa.

[13:05] Hamad Maskati: 🚫 Ujumbe huu umefutwa

[13:06] Nassor: Kaka Hamad, wengine tushausoma

[13:34] Hamad Maskati: Waalaykum salaam. Basi nauandika tena. Mwaka ule nilituma riyali 5,000 peke yangu. Picha mlinitumia nyinyi, mkasema mashaallah imependeza. Leo ndo nasikia saruji ni sumu.

[13:36] Da Zuwena: Mie nilisema, siku ya Idi, pale pale barazani. Ukanijibu hutaki shangazi yako akae kwenye gofu.

[13:37] Hamad Maskati: Na lilikuwa gofu. Gofu lisilo hata na mlango wake.

[13:38] Rahma Pemba: Kaka, hilo la mlango tusilirudie.

[13:39] Hamad Maskati: Kwa nini tusilirudie? Pesa za saruji zinahesabiwa mpaka senti. Za mlango hajawahi kuzihesabu mtu.

[13:41] Mwanaidi ameondoka

[13:42] Da Zuwena: Hamad. Umeona?

[13:58] Da Zuwena: Hujui kama mjane wa kaka yumo humu? Nimrudishe kwa maneno gani?

[14:20] Nassor: Simba leo saa ngapi?

[14:20] Da Zuwena: Nassor!

Jumatano

[06:50] Warda: Shikamooni. Bibi jana kanitaka nimsomee yote. Nimemsomea. Sasa kasema niandike anavyosema mwenyewe, nisipunguze neno.

[06:58] Warda: "Nyote humu nimekubebeni mgongoni. Hamad nimsikie leo kampigia simu Mwanaidi. Asiandike, apige. Mlango najua ulikwendea nini na sitosema, na nikifa hamtojua. Asiutaje tena mtu. Bafu Hamad kaniletea kwa huruma, magoti yangu yalikuwa hayanishushi ngazi usiku, namuombea dua kila nikitawadha. Lakini litolewe. Nasikia linatoa maji ukutani nikilala, nilinyamaza nisimvunje moyo. Mama yangu kila Shaabani alizipaka chokaa kuta hizi, pipa lilikaa limerowekwa chini ya ngazi, na sisi watoto hatukuruhusiwa kulisogelea. Kuta hazikutuangusha. Kwangueni. Ila mie sihami. Siendi Mwanakwerekwe kwa Zuwena, siendi popote. Nitakaa ukumbini."

[07:15] Rahma Pemba: Tumesikia shangazi. Shikamoo.

[07:20] Khelef: Tumesikia.

[07:22] Nassor: Tumesikia shangazi yangu. Nimetuma laki sita sasa hivi, Da Zuwena angalia simu.

[07:40] Da Zuwena: Imeingia, Mungu akuzidishie. Shangazi shikamoo, maneno yote tumeyapokea ila hilo la mwisho nakuomba unisikilize. Vumbi la saruji si la kukaa nalo, na kifua chako unakijua. Chumba nimekitayarisha, kipo chini, choo kipo karibu. Wiki chache tu.

[07:44] Warda: Kasema keshasema.

[07:51] Da Zuwena: Haya. Khelef, mirunda inafika lini? Na kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe, nani anakwenda? Tusiguse kitu bila kibali, na boriti mpya nazo tununue zenye karatasi.

[09:30] Khelef: Mie nipo Paje mpaka kesho jioni. Mirunda naweza kuazima kazini, ila gari sina.

[09:31] Da Zuwena: Nani ana gari?

[11:17] Da Zuwena: Nani ana gari jamani?

[12:48] Hamad Maskati: Shangazi nimekusikia. Nimempigia Mwanaidi, tumezungumza.

[12:49] Da Zuwena ameongeza Mwanaidi

[12:55] Mwanaidi: Assalamu alaykum. Nipo. Naomba tuzungumzie nyumba tu.

[13:10] Hamad Maskati: Nina fikra moja. Bafu likitolewa juu, shangazi ataoga wapi? Tumjengee la chini uani, pale palipokuwa na banda la kuku. Ngazi hatapanda tena.

[13:14] Khelef: Fikra nzuri, ila lisiegemee ukuta wa nyumba. Liachane nao kabisa, na maji machafu yapite mbali na msingi. Lisije likarudia yale yale.

[13:15] Hamad Maskati: Sawa. Na marumaru za juu tuziache. Zile ni za Italia.

[13:17] Da Zuwena: Marumaru nazo zitoke, Hamad. Mzigo ni ule ule.

[13:40] Da Zuwena: Hamad?

[15:02] Rahma Pemba: Mie nitatoa laki tatu sasa, nyingine karafuu zikishauzwa.

[15:05] Nassor: Karafuu za mwaka gani 😂

[15:06] Rahma Pemba: Wewe nyamaza, nakuletea pishi yako.

[17:30] Da Zuwena: Waliotoa: Nassor 600,000. Rahma kaahidi 300,000. Mwanaidi kasema ataleta mkononi. Wengine nawaita kwa majina leo usiku, msije mkasema nimewaaibisha. Mzee wa chokaa anakuja kesho saa mbili asubuhi, na mpaka sasa sina mrunda hata mmoja.

[18:44] Hamad Maskati: Nipo kazini. Hilo la marumaru tulizungumze Ijumaa baada ya sala.

[18:45] Da Zuwena: Fundi anakuja kesho, Hamad.

[19:20] Warda: Da Zuwena, bibi kakataa kitanda kiende uani. Kasema huko mbu.

[19:21] Da Zuwena: Nakuja.