Naomba ushauri: asili ya babu aliyeitwa "Mnyasa", Pemba

Assalaam alaykum ndugu zangu. Natafuta asili ya baba yake babu, upande wa kuumeni. Aliishi Wete, shamba la karafuu. Wazee humwita Mnyasa, na hati moja ya Kiarabu inamtaja "bin Abdulla".

Majina yote mawili yanapoteza njia. "Mnyasa" liliwabeba watu wengi wa upande wa ziwa Nyasa, Wayao na Wanyanja wakichanganywa, hivyo laweza kuwa jina la safari na si la kabila. "Bin Abdulla" mara nyingi alipewa aliyesilimu au asiyejulikana baba yake. Simuweki Abdulla huyo kwenye nasaba, na msimuweke katika zenu bila ushahidi wa pili.

Hati ina mwaka 1316 wa Hijria, yaani Mei 1898 hadi Mei 1899. Huenda alikuwa mtumwa. Amri ya 1897 ya Zanzibar ilimruhusu mtumwa kudai uhuru mahakamani na bwana kudai fidia, kwa hiyo nadhani jina la bwana litaonekana kwa urahisi kuliko la babu.

Aliyewahi kupekua Nyaraka za Taifa za Zanzibar, Kilimani, Unguja: nianze na jina la bwana, la shamba, au mwaka? Na nani anasoma mwandiko wa kadhi usio na nukta?

Kipimo cha vinasaba cha kuumeni kitamfaa baba mdogo, si mtoto wa shangazi, maana kinafuata baba kwa baba tu. Je, kimewahi kumtofautishia mtu Myao na Mnyanja?