Corolla ya 1994: kodi 22 (namba ya hitilafu ya injini) inarudi, sensa ya joto nimepima ni nzima

Ndugu zangu, naomba ushauri. Niko Bukavu, gari ni Corolla ya 1994. Ikishapata moto inakula esanse (petroli) vibaya, moshi mweusi, na kuwasha tena ni kazi. Juzi ilinizimikia katikati ya mupando (mlima) wa Kadutu, nyuma yangu lori. Mnajua ile aibu.

Niliunganisha TE1 na E1, matundu mawili ya plagi ya kupimia hitilafu, kwa kipande cha waya, taa ya injini ikapepesa mbili, kisha mbili: 22, sensa ya joto la maji ya injini. Nikaichomoa nikaipima kwa multimita. Ikiwa baridi ilitoa omu 2,400 hivi. Nikaitia kwenye sufuria ya maji ya moto (mama watoto hajanisamehe), ikashuka hadi 300. Kwangu mimi hiyo ni nzima.

Nimefuta kodi kwa kuchomoa fyuzi ya EFI (mfumo wa kupuliza mafuta), lakini baada ya siku mbili imerudi. Kwenye plagi ya sensa napata volti 5, ila nikitikisa waya, hizo volti zinapotea.

Fundi anasema ninunue kompyuta ya injini ya okazyo (iliyotumika). Mimi nashuku waya au masi (waya wa ardhi). Nianzie wapi kufuatilia, upande wa sensa au wa kompyuta? Na nikikuta pamekatika, nilehemu au nibadilishe waya wote?