Kambi ya yoga nchi za joto nikiwa na mgongo mbovu na presha: Ubud, Kerala au Nosara?

MkekaMpya
Wakuu, habari zenu. Naomba mnisaidie mawazo kabla sijalipa arubuni.

Kazi yangu ni ya kukaa mbele ya kompyuta kutwa, na mwaka huu imenimaliza. Usingizi nauvizia. Daktari amenikuta na presha, kaniandikia vidonge. Kiunoni nina diski iliyosogea. Si ya kupasuliwa, ila nikiinama vibaya nalala chali na kuhesabu mbao za dari. Yoga naijua ya kwenye video tu, mwalimu wa ana kwa ana sijawahi kuwa naye.

Nataka kambi ya yoga ya wiki moja hadi siku kumi, mahali pa joto, simu nizime. Nimechuja hadi nimebaki na Ubud kule Bali, Kerala India, na Nosara nchini Costa Rica. Tatizo picha zao ni zilezile: sakafu ya mbao, minazi kwa nyuma, mtu kakunja miguu jua linazama. Haziniambii kitu. Likizo yangu ni Julai, haisogezeki. Nitasafiri peke yangu, na mimi ni mwanamke.

Kwa hali hii niende wapi? Nitamjuaje mwalimu anayeijua kazi yake? Halafu kuna hizi programu za "kusafisha mwili", siku tano unakunywa juisi tu. Nizichukue au nizikimbie?

UpepoWaKusi
Dada, kwa Julai nenda Bali. Kiangazi chake ni kuanzia Aprili hivi hadi Oktoba, na Ubud jioni pana kaubaridi kwa sababu pameinuka kidogo. Nosara iko pwani ya Pasifiki, rasi ya Nicoya, na mvua zake ni Mei hadi Novemba. Julai huwa zinapumzika kidogo, wenyeji wanakiita kipindi hicho veranillo, lakini usije ukakipangia safari. Kerala ndiyo usiseme, monsuni inaingia mwanzoni mwa Juni na Julai inamwaga kwelikweli.

Ila Ubud yenyewe uijue. Haina bahari, iko bara ndani ya kisiwa, kwenye mashamba ya mpunga. Na Julai na Agosti wageni wanafurika, katikati ya mji foleni ya pikipiki haikatiki. Mtu anafuata ukimya, anakwenda kupanga chumba barabara kuu, halafu analalamika! Tafuta kambi za vijiji vya pembeni.

MtotoWaMasika
Upepo umeitupa Kerala haraka mno. Wanaoijua ayurveda, tiba ya jadi ya India, wanaifuata huko wakati huohuo wa mvua. Katikati ya Julai hadi katikati ya Agosti ni mwezi wa Karkidakam kwa kalenda ya Kimalayalam, na kwa jadi yao ndio mwezi wa matibabu: joto limepungua, vumbi hakuna, na wanaamini mwili hupokea mafuta vizuri zaidi. Wageni nao wachache.

Ila dada, elewa unachonunua. Panchakarma kamili, yaani ile tiba ya ayurveda ya kusafisha mwili, si ya wiki moja. Kwa kawaida inakwenda wiki mbili hadi tatu, na ndani yake kuna kutapishwa na kuharishwa. Ile ni tiba, si mapumziko. Kwa siku zako chache omba masaji ya mafuta na yoga laini, basi. Daktari wa ayurveda India anasomea shahada ya BAMS kwa miaka mitano na nusu, kwa hiyo penye daktari wa kweli utakuta jina lake na shahada yake. Ukiona "mshauri wa afya" ndiye anayekuandikia dawa, aga uondoke.

Ukitaka nidhamu zaidi kuna ashramu, yaani makazi ya kiroho ya yoga, mfano ile ya Sivananda karibu na bwawa la Neyyar. Unaamshwa alfajiri, mikao asubuhi na jioni, milo miwili kwa siku. Nyama, mayai, pombe na sigara marufuku. Wapo wanaorudi kila mwaka, na wapo wanaotoroka.

UpepoWaKusi
Mtoto, umwambie na habari ya milima. Wayanad ni Kerala hiyohiyo, na maporomoko ya ardhi ya tarehe 30 Julai 2024 yaliua watu zaidi ya 200 usiku wamelala. Na maji ya mafuriko asiyakanyage peku, bakteria wa leptospira wanapitia humo.

MtotoWaMasika
Hapo sina ubishi. Julai ni tambarare na pwani tu, milimani hapana.

MzeeMashaka
Hivi kulala mapema na kuzima simu siku hizi kunahitaji pasipoti?

MkekaMpya
Mzee wangu, nyumbani nimejaribu. Saa tatu usiku bosi anapiga, napokea.

MzeeMashaka
Basi tumempata mgonjwa na tumeupata ugonjwa. Nenda binti yangu, lakini huyo bosi utamkuta palepale.

MkandaNaTofali
Kazi yangu ni tiba ya viungo, kwa hiyo mniruhusu niache habari ya mahali. Mnabishania mvua na mwenye uzi ana diski!

Yoga kwa maumivu sugu ya kiuno inakubalika kitabibu. Mwongozo wa American College of Physicians, chama cha madaktari cha Marekani, wa mwaka 2017 unaitaja kati ya njia za kuanza nazo kabla ya kukimbilia dawa. Lakini yoga zipo nyingi. Ashtanga, na vinyasa ya mwendo wa kasi, mwalimu anatazama ukumbi mzima unaruka na kushuka. Kiuno chako atakiona saa ngapi? Wewe tafuta hatha ya polepole, yoga ya kupumzisha mwili, au Iyengar. Marehemu B.K.S. Iyengar ndiye aliyeeneza matumizi ya mikanda, matofali na viti ili mwili ufike bila kulazimishwa, na walimu wa mkondo wake hupitia mafunzo marefu kabla ya kupewa cheti.

Siku ya kwanza mwambie mwalimu, na usione haya, kwamba huinami mbele ukiwa umekaa na miguu imenyooka, na hujisokoti kwa nguvu. Kwa ajili ya presha husimami kwa kichwa, hubani pumzi muda mrefu, na zile pumzi za kasi za kapalabhati unaziacha. Maumivu yakianza kushuka mguuni kupita goti, acha hapohapo. Ganzi ikiingia sehemu za siri au mkojo ukakataa kutoka au kuzuilika, hiyo ni hospitali usiku huohuo, wala usisubiri asubuhi.

Sasa joto. Baadhi ya vidonge vya presha hutoa maji mwilini, vingine hupunguza kasi ya moyo. Jumlisha na jasho la huko, unainuka mkekani dunia inazunguka. Muulize daktari wako kuhusu dawa yako hasa kabla hujasafiri, na pia kama pakiti za ORS, zile za kurudisha maji mwilini, zinakufaa, maana zina chumvi. Darasa la chumba kilichopashwa moto usilisogelee.

Kuhusu mwalimu, utaona wameandika RYT 200. Huo ni usajili wa Yoga Alliance, shirika la Marekani lililoanzishwa 1999, na maana yake ni saa 200 za mafunzo. Wapo wanaozimaliza ndani ya mwezi. Hilo halimfanyi kuwa mwalimu mbaya, ila halimfanyi mjuzi wa migongo. Waandikie waandaaji: wiki hiyo anafundisha nani kwa jina? Amefundisha miaka mingapi? Darasa lina watu wangapi? Amewahi kufundisha mtu mwenye diski? Mimi ningechagua kambi kwa majibu hayo hata kama iko jangwani.

MkekaMpya
Asante sana mkuu, nimenakili yote. Kambi moja ya Nosara imenitumia ratiba. Ina ile juisi ya siku tano, na usiku wa mwisho kuna "ibada ya mmea", yaani ayahuasca, kinywaji cha mimea kinacholeta maono. Wanasema inatoa msongo. Kuhusu dawa ninazotumia hawajauliza chochote.

SukariNaChumvi
Kimbia, dada yangu. Ayahuasca ina DMT, ndiyo inayoleta hayo maono, pamoja na kemikali zinazozuia kimeng'enya cha MAO. Inapandisha presha na mapigo ya moyo, na kwa anayemeza dawa za sonona za kundi la SSRI inaweza kuua. Watu ambao hawajauliza dawa zako wasikunyweshe hata chai.

Juisi nayo iache. Kusafisha mwili ni kazi ya ini na figo, na hazijaomba likizo. Wewe ukae siku tano bila chakula cha maana, uko kwenye joto, unafanya mazoezi, na vidonge vya presha unameza? Unaweza kuanguka. Mwenye kisukari ndiyo asiguse kabisa bila daktari wake.

Nikija kwa Mtoto na ayurveda yake: mafuta ya kupaka sina neno. Ya kumeza ndiyo naogopa. Utafiti uliochapishwa katika jarida la JAMA mwaka 2004 ulipima bidhaa 70 za ayurveda zilizouzwa madukani eneo la Boston, na 14 zilikutwa na risasi, zebaki au aseniki. Poda isiyo na lebo, hata uipewe kwa tabasamu, rudisha.

BegiMojaTu
Mmesahau mbu. Mbu wa dengi anauma mchana, na anazidi asubuhi na kabla ya magharibi, saa zilezile ambazo watu wamelala chali kwenye jukwaa lisilo na kuta. Paka dawa ya kufukuza mbu kabla ya darasa. Homa ikikupata huko, meza parasetamoli na uende kupima. Aspirini na ibuprofeni weka kando hadi dengi iondolewe, kwa sababu zinaongeza hatari ya kuvuja damu.

Kama unatoka nchi iliyo kwenye orodha ya homa ya manjano, nchi zako zote tatu zitadai cheti cha chanjo. Kinaanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano, na tangu Julai 2016 ni cha maisha. India bila hicho wanaweza kukuweka karantini hadi siku sita, yaani kambi yako yote umeimalizia kwa maofisa wa afya.

Bima soma maandishi madogo. Nyingi hazilipi ajali ya skuta kama huna leseni ya pikipiki, na Bali kila mgeni anakodishiwa skuta kama anagawiwa maji. Kwa kiuno chako usipande hata ukibembelezwa.

NdegeWaAsubuhi
Nami nimezoea kusafiri peke yangu, kwa hiyo naongezea la kwetu wanawake. Kuna walimu wanaosahihisha mikao kwa mikono. Una haki ya kusema hutaki kuguswa, na mahali pa maana wanakuuliza wenyewe, wengine wanakupa kikadi cha kuweka mkekani. Anayenuna ukikataa, toka darasani kwake. Kwa masaji, Kerala kwa desturi mwanamke anahudumiwa na mwanamke. Kwingine omba mapema, usisubiri umeshavua.

Panga ndege ifike mchana na gari la kukupokea liwe la kambi. Kabla ya arubuni, omba kwa maandishi masharti ya kurudishiwa pesa ukiugua, na uombe kuzungumza na mtu aliyewahi kwenda. Sifa za kwenye tovuti yao wameziandika wenyewe, mama.

Na safari ikivuka saa nyingi, siku mbili tatu za mwanzo mwili haupo. Kambi ya wiki inabaki nusu. Fika mapema ulale kwanza.

MkekaMpya
Wakuu, nimeyafanyia kazi. Nosara nimeifuta. Maswali ya MkandaNaTofali nimeyatuma kwa kambi mbili za Ubud na moja ya Kerala, ya pwani. Ubud mmoja kajibu kwamba mwalimu "atatangazwa karibuni", akanitumia punguzo. Wa pili ana mwalimu wa Iyengar, darasa watu wanane, ila Julai pamejaa, kaniweka orodha ya kusubiri. Kerala wamenitumia fomu ndefu ya afya: dawa zote, vipimo vya presha, picha ya mgongo kama ninayo. Daktari wao ameniambia wazi kwamba kwa siku kumi hanipi panchakarma.

Naegemea Kerala, ila arubuni sijalipa. Jumatatu namwona daktari wangu kwanza.

MtotoWaMasika
Huyo aliyekunyima panchakarma ndiye wa kumlipa.

MkandaNaTofali
Kwa daktari muulize pia kuhusu kukaa kwenye ndege muda mrefu na hiyo diski. Omba kiti cha korido, uinuke kila baada ya saa moja. Vidonge vya presha viwe kwenye begi la mkononi, ndani ya pakiti zake, pamoja na barua yake.