Gumzo la Familia ya Bibi Mwanahamisi: Chombo cha Joka Kimefika Pantang

Jumamosi, 31 Mei 2025

Mwanaidi: Asalaam aleikum wote. Bibi shikamoo, Mjomba shikamoo, Mama Mkubwa na Mama Mdogo shikamooni. Samahani kwa kuwajazia picha asubuhi yote hii. Leo huku Guangzhou ni sikukuu, siku ya 5 ya mwezi wa 5 kwa kalenda yao. Wanaiita Duanwu. Nipo Pantang, wilaya ya Liwan, ukingoni mwa mfereji. Mvua inamwagika na hakuna hata mtu mmoja aliyeondoka.

Mjomba Athumani: Marahaba mwanangu. Hicho chombo cha picha ya tatu ni cha namna gani? Kirefu kama barabara na chembamba kama mtumbwi. Kinageukaje?

Mwanaidi: Ndicho nilichotaka ukione Mjomba. Kichwa cha joka kiko omo, mkia uko tezi, na katikati pana ngoma kubwa. Vya hapa delta ya Mto Pearl vikubwa hufika mita 40 hivi, na wapiga makafi 80. Vile vya mashindano ya kimataifa ni vifupi, mita 12 na kidogo, wapiga makafi 20, mpiga ngoma mmoja na mshika usukani mmoja. Ila hapa leo hawashindani.

Mjomba Athumani: Kama hawashindani wanafanya nini?

Mwanaidi: Wanatembeleana. Hicho unachokiona kimetoka Yanbu, upande wa Foshan. Watu wanasema kiliundwa mwaka 1432. Wanakiita Joka Mzee. Na chombo cha hapa Pantang ni mtoto wake wa kulea. Kila mwaka siku kama ya leo baba anakuja kumtembelea mtoto, kesho mtoto anakwenda Yanbu kurudisha salamu. Wamefanya hivi kwa zaidi ya miaka 400.

Mama Mkubwa Zuhura: Subhanallah. Vyombo vina undugu!

Mwanaidi: Vyombo, na vijiji nyuma yake. Wakifika wanapokewa kwa fataki, wanabadilishana zawadi, halafu wote wanakaa mezani kula. Chakula hicho kina jina lake kabisa, chakula cha mashua ya joka. Meza zinapangwa uani mwa jengo la ukoo na nyingine zinafika mpaka njiani. Vijana wanaofanya kazi miji ya mbali wanarudi kwa ajili ya siku hii. Kijiji chenyewe kimeshamezwa na jiji, pembeni yake ni maghorofa matupu, lakini siku za mwanzo za mwezi wa 5 mtu anajulikana ni wa ukoo gani na anakaa kafi gani.

Mjomba Athumani: Mwaka 1432 mpaka leo. Mbao gani hiyo isiyooza?

Mwanaidi: Vyombo vingi vya huku vimeundwa kwa mbao nzito ya kutoka Borneo, ngumu ajabu, ukiitupa majini inazama. Na siri yake nyingine nimeelezwa na baba mwenye nyumba wangu, ambaye alikuwa mpiga makafi ujanani. Sikukuu ikiisha hawakipandishi chombo nchi kavu. Wanakizamisha mferejini na kukizika ndani ya tope, kinakaa humo karibu mwaka mzima. Jua likikipata kitapasuka, lakini ndani ya tope hakuna hewa, basi mdudu na uozo havikifikii. Siku ya 8 ya mwezi wa 4 vijana wanaingia majini kwa mikono na ndoo, wanakifukua, wanakisugua, wanakalafati, yaani wanaziba nafasi kati ya mbao, wanakipaka mafuta ya mti fulani. Kichwa cha joka peke yake ndicho kinachotunzwa ndani, kwenye hekalu au jengo la ukoo.

Mjomba Athumani: Hii nimeielewa moja kwa moja. Sisi chombo kikikaa juani bila kupakwa sifa (mafuta ya papa) na deheni miezi mitatu, maungo yanafunguka. Hawa wamemaliza shida kwa tope. Watu wenye akili. Kesho utakwenda huko Yanbu?

Mwanaidi: Nikijaaliwa.

Kaka Hamisi: Dada Mwanaidi, usinielewe vibaya. Nimesoma mahali kwamba kabla ya kukiteremsha wanakitia joka macho kwa rangi na kufukiza ubani hekaluni. Wewe unakaa wapi hapo?

Mwanaidi: Swali la haki. Ni kweli, wanatia macho kwa rangi nyekundu na wanafukiza. Mimi sisimami kwenye hilo. Naangalia makafi, naangalia vyombo, nakaribishwa chakula, nakula kile kinachonifaa. Jana Ijumaa niliswali Msikiti wa Xianxian kama kawaida, watu wa kwetu wamejaa pale kutoka Mali, Guinea, Zanzibar. Baba mwenye nyumba anajua mimi ni nani na hajawahi kunilazimisha lolote. Kumheshimu jirani katika siku yake ni jambo ninaloliamini kabisa, Hamisi.

Kaka Hamisi: Hapo nimetulia. Allah akuhifadhi.

Mama Mkubwa Zuhura: Haya tuje kwenye chakula. Hivyo vifurushi vya majani ni nini? Umepiga picha sufuria nzima halafu husemi kitu.

Mwanaidi: Hizo ni zongzi, Mama Mkubwa. Mchele wa kunata uliofungwa kwa majani na kuchemshwa. Bila zongzi hakuna Duanwu. Huku Guangdong wanatia choroko zilizomenywa, kiini cha yai la bata lililotiwa chumvi, na nyama ya nguruwe yenye mafuta. Hiyo siigusi. Kaskazini ya nchi wanapenda tamu, wanatia kunazi za Kichina, zile nyekundu zinazokaushwa, au maharage mekundu yaliyopondwa.

Mama Mkubwa Zuhura: Wewe umekula ipi sasa?

Mwanaidi: Kuna ya magadi! Mchele unalowekwa kwenye maji ya magadi, ukiiva unakuwa wa manjano, unang'aa kama kaharabu. Haina nyama wala mafuta. Wanaiacha ipoe, wanachovya kwenye sukari au asali. Mama mwenye nyumba alinifungia zangu kwa uzi wa rangi tofauti na akachemsha kwenye sufuria ya peke yake, zisichanganyike na za nyama. Sikumwomba. Alifikiria mwenyewe.

Bibi Mwanahamisi (ameandikiwa na Saidi): Bibi anasema huyo mama mpe salamu zake. Anasema mtu akikutengea sufuria amekuweka ndani ya nyumba.

Mama Mkubwa Zuhura: Nifundishe kufunga.

Mwanaidi: Mchele uloweke usiku mzima. Majani ya mwanzi makavu yachemshe kidogo yalainike, yafute. Chukua mawili, yapishanishe, yakunje yawe kama pia ya watoto, chini pasiwe na tundu hata la sindano. Tia mchele usijaze, kwa sababu utavimba. Rudisha majani juu yafunike, yazungushe upate pembe, funga kwa uzi. Hapo kwenye kufunga ndipo penye kazi. Ukilegeza maji yanaingia na mchele unakuwa uji, ukikaza mno katikati panabaki pabichi. Halafu chemsha saa tatu au zaidi, maji yafunike vifurushi muda wote, yakipungua ongeza ya moto.

Mama Mkubwa Zuhura: Saa tatu kwa mkaa wa bei hii? Nitaweka kuni. Na majani ya mwanzi sina, nitababua jani la mgomba.

Mwanaidi: Harufu itakuwa nyingine lakini litashika vizuri.

Saidi: Dada, mwalimu wetu wa historia alisema sikukuu hii ni ya mshairi aliyejitosa mtoni. Ni kweli?

Mwanaidi: Ndiyo hadithi inayojulikana zaidi. Qu Yuan, mtu wa dola ya Chu, alizaliwa karibu mwaka 340 kabla ya Kristo, kwao wanasema ni Zigui katika mkoa wa Hubei. Alikuwa waziri. Alimshauri mfalme wake, Huai, asiiamini dola ya Qin. Mfalme akawasikiliza wengine, akaenda Qin, akazuiwa huko mpaka akafa. Qu Yuan akafukuzwa, akazunguka kusini akiandika mashairi ambayo Wachina wanayasoma mpaka leo. Mwaka 278 kabla ya Kristo jeshi la Qin likauteka mji mkuu wa Chu, Ying. Ndipo alipojifunga jiwe na kujitupa Mto Miluo, katika Hunan ya sasa. Wanasimulia kwamba watu wakakimbilia vyombo kumtafuta, wakapiga ngoma na kupiga maji kwa makafi ili kufukuza samaki, wakatupa mchele samaki wale huo wasimle yeye.

Saidi: Kwa hiyo makafi, ngoma na mchele vyote vinatoka hapo.

Mwanaidi: Ndivyo inavyosimuliwa. Lakini ukienda Suzhou watakwambia siku hii ni ya Wu Zixu, waziri mwingine aliyesema kweli, akalazimishwa kujiua, mwili ukatupwa mtoni. Ukienda Shaoxing ni ya Cao E, msichana wa miaka 14. Baba yake alizama, yeye akatembea ukingoni akilia siku nyingi, mwisho akajitosa kumfuata. Na wapo wanazuoni kama Wen Yiduo walioonyesha kwamba desturi zenyewe ni za zamani kuliko hao wote, watu wa kusini walikuwa na joka na vyombo vyao kabla Qu Yuan hajazaliwa.

Bibi Mwanahamisi (ameandikiwa na Saidi): Bibi ameniambia nimsomee tena ya yule binti. Ananyamaza. Anasema huyo ndiye sikukuu yake.

Mama Mdogo Rukia: Nimetoka zamu sasa hivi ndiyo nasoma. Mwanaidi, hayo majani yaliyofungwa mlangoni kwenye picha ya mwisho ni pakanga?

Mwanaidi: Ni ndugu yake, Mama Mdogo! Wanaita ai. Wanafunga pamoja na majani marefu ya mmea mwingine wa majini, yamechongoka kama upanga. Yanawekwa mlangoni kufukuza wadudu na maradhi. Watoto wanaogeshwa kwa maji yaliyochemshwa hayo majani.

Mama Mdogo Rukia: Ndiyo ile inayotoa dawa mseto ya malaria?

Mwanaidi: Hapana, ile ni nyingine ya jamii hiyohiyo, qinghao. Hiyo ndiyo Tu Youyou aliitolea dawa akapata Nobel mwaka 2015, baada ya kusoma kitabu cha Ge Hong cha karne ya 4 kilichosema majani yalowekwe kwenye maji na kukamuliwa, bila kuchemshwa. Hii ya mlangoni haitibu malaria, asije mtu akachanganya.

Mama Mdogo Rukia: Vizuri umesema, maana kesho mtu angekuja kliniki ananiambia amechemsha majani ameacha vidonge.

Mwanaidi: Na mimi naona hapa ndipo penye kiini cha siku yenyewe, kuliko hata mashua. Zamani mwezi wa 5 waliuita mwezi wa sumu. Joto linapanda, mvua haziachi, chakula kinachacha, mbu wanazaliana, watoto wanaugua. Walihesabu viumbe vitano vya sumu: nyoka, nge, tandu, chura na mjusi, ingawa sehemu nyingine wanaweka buibui. Wanavitarizi kwenye nguo za watoto ili viogopane. Watoto wanavishwa vifuko vya manukato shingoni, na mikoa ya kaskazini wanafungwa nyuzi za rangi tano mkononi, mvua ya kwanza ikinyesha zinakatwa na kutupwa ziende na maji. Ukiangalia vizuri, hii ni siku ya kina mama kuwakinga watoto na msimu.

Bibi Mwanahamisi (ameandikiwa na Saidi): Bibi anasema hata sisi tulifukiza nyumba mvua za masika zikianza. Mama yake alikuwa anazunguka na chetezo kila chumba.

Mama Mdogo Rukia: Na ile pombe yenye unga wa rangi ya machungwa niliyowahi kuisikia? Kwamba wanawapaka watoto usoni?

Mwanaidi: Ni madini yanayosagwa. Waliyatia kwenye pombe wakanywa, na watoto wakachorwa kipaji cha uso alama ya mfalme, kama mistari ya paji la chui milia.

Mama Mdogo Rukia: Madini hayo yana arseniki! Hiyo ni sumu, tena ukiyatia joto ndiyo balaa zaidi.

Mwanaidi: Wanajua, na wengi wameacha kunywa. Hapa mtaani kwangu sijaona mtu anainywa. Imebaki kwenye hadithi ya nyoka mweupe aliyekuwa mke wa mtu, akanyweshwa siku ya Duanwu akarudia umbo lake.

Saidi: Dada, mbona mwaka jana ulituma picha za mashua mwezi wa Juni, mwaka huu Mei?

Mwanaidi: Kalenda yao ni ya mwezi kama yetu, ila wao kila baada ya miaka miwili au mitatu wanaongeza mwezi mzima, miezi saba katika miaka 19. Kwa hiyo sikukuu inacheza kati ya mwisho wa Mei na mwisho wa Juni, haitoki kwenye kiangazi chao. Mwaka jana ilikuwa 10 Juni. Yetu haiongezwi mwezi, ndiyo maana Idi inazunguka misimu yote.

Kaka Hamisi: Na ya Mfunguo Tatu imebaki wiki moja. Umeshapata pa kuchinja?

Mwanaidi: Nimeshachangia mbuzi na wenzangu wa Tanga. Nimemwalika mama mwenye nyumba, ameniuliza alete nini. Nimemwambia alete mikono tu.

Mama Mkubwa Zuhura: Mpikie pilau ya maana. Usiipunguze bizari.

Mjomba Athumani: Kabla hamjahamia kwenye pilau. Mwanaidi, kesho ukifika Yanbu usinipigie picha za vichwa vya joka, hivyo nimeshaviona. Inama chini, nipigie pale ubao unapokutana na ubao, na ndani kwenye mataruma, zile mbavu za chombo. Nataka nione wametumia msumari au vigingi.

Mwanaidi: Sawa Mjomba. Nitamwomba baba mwenye nyumba aje nami, anafahamiana na mafundi.