Nyumba ikivunjwa Dar kifusi kinaenda wapi? Mi nasema kibali cha kuvunja kiseme

Mleta mada:
Wakuu tujadili hili. Ukipita Kariakoo, Upanga mpaka Sinza nyumba za chini zinavunjwa ili ghorofa zipande, tipa zinasomba kifusi usiku na hakuna anayeuliza kinamwagwa wapi. Kingine kinaishia pembeni ya mto Msimbazi, masika yakija maji yanakosa njia yanaingia kwa watu. Msimamo wangu, mtu asipewe kibali cha kuvunja mpaka aonyeshe nondo zinaenda wapi, zege linaenda wapi na matofali mazima anapewa nani. Na manispaa zitenge eneo la mashine ya kusagia zege liwe kokoto.

Sio usafi tu, ni hewa ukaa inayopasha dunia joto. Saruji peke yake inabeba kama asilimia 8 ya hewa ukaa inayotokana na shughuli za binadamu duniani, halafu kokoto ngumu tunazozitumia hapa nyingi zinatoka Lugoba huko Chalinze, zaidi ya kilomita 100, dizeli inaungua kwenda na kurudi wakati zege la kusaga limelala hapa hapa mjini.

Mchangiaji 1:
Nakuunga mkono nusu mkuu. Ukisaga zege unapata kokoto, hupati saruji. Ile saruji inatengenezwa kwa kuchoma mawe ya chokaa kwenye joto la nyuzi kama 1,450, na zaidi ya nusu ya hewa ukaa yake inatoka kwenye jiwe lenyewe wala sio kwenye moto. Hiyo ilishaenda zamani siku kiwanda kilipochoma. Zege lililosagwa linanyonya tena kidogo kutoka hewani, ila kidogo. Faida kubwa iko kwenye nondo na alumini ya madirisha, alumini ukiiyeyusha upya unaokoa kama asilimia 95 ya nishati, na chuma chakavu kwenye tanuru la umeme kinatoa hewa ukaa kidogo sana ukilinganisha na chuma kipya cha kwenye madini. Sasa kazi ya kukusanya hivyo vyuma vijana wa skrepa wanaifanya kila siku bila sheria ya kuwalazimisha.

Mchangiaji 2:
Mi ni fundi, napinga. Baada ya ghorofa kuanguka Kariakoo Novemba 2024 bado mnataka kuniletea kokoto za kifusi? Zege la zamani linakunywa maji, fundi ataongeza maji kwenye mchanganyiko na nguvu inashuka. Halafu nani kasema kifusi kinatupwa, huku kwetu watu wananunua kwa tripu kujazia viwanja, mkiweka sheria bei inapanda kwa mnyonge.

Mleta mada:
Fundi, hakuna sehemu nimesema kokoto za kifusi ziende kwenye nguzo za ghorofa. Japani walipitisha sheria mwaka 2000 ya kulazimisha zege, lami na mbao zitenganishwe kwenye saiti, na zege lao lililosagwa sehemu kubwa linaenda chini ya barabara. Sisi TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) wana barabara za mitaa chungu nzima zinazohitaji tabaka la chini, kuna pevingi, kuna mawe ya chini ya jamvi (zege la sakafu). Hivyo viwanja vinavyojazwa navyo vingi viko bondeni, ukijaza chako maji yanahamia kwa jirani, kwahiyo hiyo sio faida.

Na kuhusu skrepa, ndo hao nataka waingizwe kwenye kibali kwa jina kabisa. Wapewe muda ndani ya saiti kabla kijiko (mashine ya kubomolea) hakijaingia, maana kijiko kikishaponda vigae, mbao, nyaya na zege vinachanganyika na hapo hakuna wa kuvitenganisha. Na kabla ya yote manispaa iulize kama jengo lina ulazima wa kuvunjwa, jengo la zamani likiimarishwa likaendelea kutumika hiyo saruji mpya ya kujengea lingine hainunuliwi, na hapo Mchangiaji 1 naamini tunakubaliana.

Gharama alipe anayepandisha ghorofa, sio mpangaji wa Tandale. Anayepinga aniambie, sasa hivi mto ukizibuliwa hela inatoka mfukoni kwa nani?