Shemeji ni Haugen, ndugu ya baba wa babu yake ni Bakken: hawa ni ukoo mmoja kweli?

NyarAhero, Kisumu

Hamjambo. Mdogo wangu anaolewa na Mnorwe, na ayie, sherehe ya posa ya Kiluo, tumeipanga Desemba nyumbani. Baba yetu hapokei mgeni kabla hajajua ni mtoto wa nani na ametoka wapi, kwa hiyo shemeji alimwomba shangazi yake aandike ukoo wao wote kwenye karatasi, akatutumia. Karatasi hiyo ndiyo imeleta maneno.

Shemeji ni Haugen, baba yake Haugen, babu yake Haugen. Hapo sawa. Baba wa babu ameandikwa Lars Olsen Haugen. Ndugu yake, baba mmoja mama mmoja, ni Hans Olsen Bakken. Baba yao ni Ole Hansen Moen. Dada yao ni Kari Olsdatter, na ingawa aliolewa, jina la mume halimo. Yaani nyumba moja, watu wanne, na huwezi kuona kinachowaunganisha.

Baba amesema watu hawabadilishi jina kila kizazi isipokuwa wanakimbia deni au damu. Amekataa kuwajulisha wazee mpaka aelezwe. Mdogo wangu analia kwenye simu. Mwenye kujua anisaidie, tafadhali, na iwe kitu ninachoweza kumweleza mzee wa miaka themanini.

Kipkoech, Molo

Dada, hiyo Olsen ni kama "arap" yetu. Rais Moi alikuwa Toroitich arap Moi, mwana wa Moi. Ole akizaa mtoto wa kiume, huyo ni Olsen. Sioni deni hapo.

MzeeWaSamaki, Nakuru

NyarAhero, mwambie baba atulie. Nilifanya kazi na Wanorwe Kalokol, kule Turkana, kwenye ule mradi wao wa samaki, na swali la baba yako niliwauliza mimi mwenyewe, kwa sababu tulikuwa na Hansen zaidi ya mmoja na hakuna aliyekuwa ndugu ya mwenzake. Walinieleza vizuri, na tangu hapo nimeendelea kusoma kwa sababu nayapenda mambo haya.

Soma jina la Lars kwa vipande vitatu. Lars ni jina lake. Olsen, mwana wa Ole. Haugen ni shamba alilokuwa akikaa. Hiki kipande cha tatu ndicho kinachowachanganya watu, maana halikuwa jina la ukoo hata kidogo. Lilikuwa anwani. Haug ni kilima kidogo, na ile -en ya mwisho inaonyesha ni kile kilima kinachojulikana. Bakken ni mteremko, Moen ni uwanda wa kichanga. Mtu akihama shamba, jina linabadilika. Mwanamume akioa binti mwenye shamba na kuhamia huko, anaitwa kwa shamba la mkewe, na hakuna aliyemcheka. Kwa hiyo Ole alikaa Moen, mwanawe mmoja akaenda Haugen, mwingine Bakken. Kinachowaunganisha wale vijana wawili ni Olsen, na Kari anaungana nao kwa Olsdatter, binti wa Ole. Mwanamke wa zamani kule alibaki binti wa baba yake hata akiolewa.

Na wewe dada, jina ulilojipa hapa ni lipi? Nyar Ahero, yaani binti wa Ahero. Baba yako ataelewa kwa njia hiyo kabla ya nyingine yoyote. Tofauti ni kwamba nyar Ahero akiolewa Siaya anabaki nyar Ahero, lakini kule mahali papya palifuta pa zamani.

Sasa, kwa nini limekwama kwa Haugen? Ni sheria. Mwaka 1923 Norway iliagiza kila familia ishike jina moja la kudumu. Ndugu wa tumbo moja waliweza kushika majina tofauti, huyu la baba, yule la shamba, na watoto wao wakabaki hivyo mpaka leo. Denmark walitangulia, walianza kulazimishwa mwaka 1828, na watu wengi wakashika jina la baba kama lilivyokuwa. Ndiyo maana kule kila mtu ni Jensen, Nielsen au Hansen. Kuanzia 1993 mpaka 2011 walikuwa na mawaziri wakuu watatu mfululizo, wote Rasmussen, na hawakuwa ndugu.

Jambo moja baba akumbuke: mashamba yaitwayo Haugen ni mengi sana nchini, kwa hiyo Haugen mwingine si lazima awe jamaa yao. Muulize shangazi jina la parokia. Hifadhi ya taifa ya Norway imeweka sensa za zamani bure kwenye intaneti, tovuti inaitwa Digitalarkivet. Kuna ya 1865, ya 1900, ya 1910. Tafuta shamba na parokia, usitafute jina la ukoo. Utamkuta Ole, mkewe na watoto wakiwa nyumba moja.

Nekesa, Göteborg

Mimi ni wa Bungoma, niko Sweden. Huku kuna kingine: majina ya askari. Kikosi kilikuwa na akina Anders Andersson wengi, kwa hiyo mtu akiandikishwa alipewa jina fupi. Modig ni jasiri, Rask mwepesi, Sköld ngao. Hata Linnaeus, yule aliyepanga majina ya mimea, jina lake lilianza na baba yake, Nils Ingemarsson, aliyelitoa kwenye mti wa lind uliokuwa nyumbani kwao. Kwa hiyo ni kweli, huku jina kubadilika halikuwa aibu.

NyarAhero, Kisumu

Asanteni sana, Mungu awabariki. Mzee, nina swali la mdogo wangu: wakipata mtoto, ataweza kubeba jina la kwetu huko Norway?

MzeeWaSamaki, Nakuru

Ataweza. Sheria yao ya 2002 inaruhusu jina la ukoo la mama liwe la katikati na Haugen lifuate. Inaruhusu pia ule mtindo wa kale, jina la baba au hata la mama likiongezwa -sen au -datter. Wakae wawili waamue mapema.

NyarAhero, Kisumu

Nimemsomea baba yote kwa Kiluo, polepole. Kwa nyar Ahero alicheka. Wazee watajulishwa Jumapili. Sasa anataka kujua Lars aliondoka Moen kwa nini, na shamba lilibaki kwa nani. Nimemwandikia shangazi kuuliza parokia.