Sensa ya kimeng'enya inasoma fenoli chini kwenye maji ya kumenyea kahawa (Moshi)

Mpima_Maji: Wakuu, habari za kazi. Tunapima fenoli (kundi la kemikali zitokazo kwenye kahawa) kwenye maji machafu ya mtambo wa kumenya kahawa, Moshi vijijini. Sensa ni elektrodi ya kaboni iliyopakwa kimeng'enya tirosinasi, bafa (myeyusho wa kushikilia pH) ya fosfeti pH 6.5, volti −0.2 dhidi ya elektrodi rejea ya Ag/AgCl. Mstari wa viwango vya katekoli (fenoli sahili) umenyooka vizuri, ila sampuli inasoma kama robo ya jibu la Folin (kipimo cha rangi cha fenoli zote), na baada ya sampuli sita mkondo unashuka nusu. Sampuli huwekewa azidi ya sodiamu (kemikali ya kuzuia vijidudu) zisichache. Kosa liko wapi?

Kichujio: Anza na hiyo azidi. Tirosinasi hufanya kazi kwa shaba iliyomo ndani yake. Azidi huing'ang'ania shaba na kimeng'enya kinazimika. Acheni kabisa. Chujeni kwa 0.45 µm, wekeni kwenye barafu, pimeni siku hiyo hiyo.

Halafu fenoli kubwa ya kahawa ni asidi ya klorojeniki, ambayo tirosinasi haiichangamkii kama katekoli. Na hesabu yenyewe: mikromola 100 za katekoli ni miligramu 11 kwa lita, za klorojeniki ni 35. Mkiandika jibu kwa miligramu za katekoli, mmeshalipunguza mara tatu kabla sensa haijakosea lolote.

Folin naye si hakimu, mkuu. Hugeuka bluu hata kwa sukari, na ute wa kahawa umejaa sukari.

Mama_Bafa: Kuongezea kwa Kichujio: hamieni lakasi, kimeng'enya cha uyoga Trametes versicolor, bafa ya asetati 0.1 M, pH 4.5 hadi 5. Maji ya kahawa yakishachacha pH yake hushuka hadi karibu 4, kwa hiyo lakasi iko nyumbani. Nayo pia huuawa na azidi.

Mkondo kushuka ni kwinoni (zao la fenoli zilizooksidishwa) zinazoungana na kufunika kaboni. Ukiinamisha elektrodi kwenye mwanga utaona utando wa kahawia. Tieni µL 100 za sampuli kwenye mL 10 za bafa, volti iwe −0.1, someni mara mkondo unapotulia, kisha suuzeni. Kila sampuli ya tatu pimeni tena myeyusho wa klorojeniki wenye kiasi kinachojulikana; mkondo wake ukishuka chini ya asilimia 80 ya ule wa mwanzo, elektrodi hiyo tupeni.

Kwenye kikombe hicho hicho cha sampuli ongezeni klorojeniki kidogo kidogo, kwa awamu tatu, mkisoma mkondo kila mara. Mwinuko wa mstari ukiwa mdogo kuliko wa bafa tupu, bado kuna kitu kinakizima kimeng'enya: punguzeni sampuli iwe µL 50.

Mpima_Maji: Na elektrodi isiyo na kimeng'enya, kuna haja?

Mama_Bafa: Lazima. Ipakeni albumini (protini) na glutaraldehaidi (kiunganishi chake) tu, mkondo wake muutoe kwenye kila jibu.